Nyota ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi. Akishakuitikia salamu na kukuuliza habari za kazi, mgao wako wa wiki umekwisha. Kwa hiyo siku ya arobaini ya mtoto wetu, aliponitazama kimya huku kipande cha nanasi kikining'inia kwenye kope lake la kushoto, nilijua hiki si kile kimya nilichokizoea.

Nianze na uyoga. Mwenzangu kazini alinigawia, ndani ya mfuko wa plastiki, kitu kinachofanana na chapati mbichi iliyosahaulika kwenye maji. Akasema, "Huyu ndiye mama." Watu wanaita uyoga wa chai, ila si uyoga, ni bakteria na hamira wanaoishi pamoja, wakajitengenezea godoro. Unachemsha chai ya rangi, unatia sukari kikombe kimoja kwa kila lita nne, unaiacha ipoe kabisa, unamlaza mama juu yake pamoja na chai chachu kidogo ya zamani, unafunika kwa kitambaa na kusubiri wiki moja mpaka mbili. Ukitoka hapo una kombucha. Kwangu Tabata, mwezi wa pili, siku sita zilitosha. Ya saba ingekuwa siki ya kachumbari.

Mke wangu alipofunua ndoo kwa mara ya kwanza aliuliza, kwa utulivu kabisa, kama hilo ni kondo la nyuma na la nani. Kwa kuwa mzazi pekee ndani ya nyumba alikuwa yeye, swali lilikuwa na haki yake.

Wazo la nyota nililitoa kwenye video. Dada mmoja, amevaa sweta na soksi nene ndani ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa akieleza jinsi ya kuchagua matunda na majani kwa kufuata nyota ya mnywaji. Nikaona hapa pana jambo. Mji huu umelelewa na utabiri wa Sheikh Yahya Hussein. Amefariki tangu 2011 na watu bado wanaamka na kusoma nyota zao kabla ya kupiga mswaki. Arobaini ya mwanangu haitanyweshwa soda kama arobaini ya kila mtu. Kila mgeni atakunywa nyota yake.

Nikakaa na kalamu kama mnajimu wa serikali. Nyota za moto, yaani Hamali, Simba na Mshale, nikazipa vitu vikali: tangawizi, pilipili kichaa, nanasi, embe za mwisho wa msimu. Za udongo, Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi, zikapata ubuyu na mdalasini. Za upepo, Mapacha, Mizani na Ndoo, zikapata mchaichai na limau. Za maji, Kaa, Nge na Samaki, zikapata tango, nanaa na madafu. Simba nilimpendelea, nakiri. Yeye nilimtia nanasi robo zima lililosagwa, tangawizi, na choya iliyolowekwa mpaka chupa ikawa nyekundu kama taa ya breki. Mfalme hawezi kuonekana kama maji ya mchele.

Tatizo la kwanza lilikuwa wazee. Niliomba tarehe zao za kuzaliwa, na wazee wanne kati ya sita wakawa wamezaliwa tarehe 1 Julai. Mama mkwe akiwemo. Wote Kaa! Nikafikiri, ukoo huu una bahati ya ajabu na mwezi wa saba. Nikaongeza chupa ya pili ya Kaa, jumla zikawa kumi na tatu, nikaendelea na ujinga wangu.

Tatizo la pili, chupa. Nilizinunua kwa mkusanya chupa, mchanganyiko, baadhi za bia, za mviringo, nyingine zile bapa za pombe kali zenye pembe nne. Nilizichemsha, nikabandua nembo, nikabandika plasta na jina la nyota. Bapa zilinipendeza kwa sababu zinapangika vizuri. Sikujua kwamba gesi inasukuma pande zote sawasawa, na chupa ya mviringo inaugawa mzigo huo mwili mzima, wakati ya pembe nne inaupokelea kwenye kona kisha inafikiria cha kufanya.

Gesi yenyewe inatoka kwa hamira. Kwenye ndoo yenye kitambaa inajiendea zake. Ukishatia tunda ndani ya chupa na kukaza kifuniko, hamira inakuta sukari mpya, inakula, inajamba, na mlango umefungwa. Dada wa sweta alisema chupa zikae siku nne "kwenye joto la kawaida la chumba". Sasa mtu unayevaa soksi sebuleni, chumba chako na changu vina undugu gani? Changu saa nane mchana ukiweka mshumaa mezani unasujudu.

Usiku wa pili, saa tisa, Hamali akaondoka. Ndiye wa kwanza katika nyota kumi na mbili, basi akashika nafasi yake. Mlio ulikuwa wa kitu kilichopigwa risasi. Mke wangu akalala juu ya mtoto. Mimi nikalala chini ya kitanda, jambo ambalo amelieleza kwa watu wengi tangu siku hiyo. Jikoni nilikuta vioo kwenye sahani za jana, na juu ya dari nyuzi za embe zimejipanga kama mwezi mwandamo. Chupa bapa. Kona moja imetoka nzima, imekaa dirishani peke yake.

Mtu mwenye akili angemwaga zote. Mimi nilizihamishia kwenye friji, kwa sababu baridi inaituliza hamira na gesi inalala ndani ya maji. Hilo ni kweli, almuradi friji iwe baridi.

Jumamosi saa nne asubuhi umeme ukakatika. Watoto wa ndugu walikuwa wamekwisha kuvumbua kwamba ndani ya friji kuna upepo, wakawa wanafungua mlango na kusimama pale kwa zamu. Pilau ilikuwa inaiva uani, maulidi yamesomwa, wageni wamekaa kwenye mikeka sebuleni, pangaboi limesimama juu yetu. Ndipo nikaleta chupa kumi na mbili kwenye sinia na kutangaza.

Kaa ya kwanza ilifunguka vizuri sana. Ikatoa mvuto mmoja wa pumzi, ikapovuka kidogo, harufu ya nanaa ikatembea sebule nzima. Mama mkwe akaonja. Akaonja tena. Akatikisa kichwa mara moja, na kwa mtu wa aina yake hiyo ni hotuba. Nilivimba.

Hapo mjomba wake mke wangu, aliyetoka Tanga kwa ajili yetu na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, akauliza nyota hizi nimezipataje.

"Kwa tarehe ya kuzaliwa, mjomba."

"Tarehe ipi?"

"Tarehe 1 Julai."

Akacheka mpaka akashika mkeka. "Mkwe, hiyo tarehe tuliandikiwa na karani. Sisi tulizaliwa mwaka wa mafuriko." Akaomba kalamu. Nyota, akasema, si mambo ya kalenda. Ni jina lako na jina la mama yako. Unachukua thamani ya kila herufi kwa abjadi, unajumlisha, unagawa kwa kumi na mbili, kinachobaki ndicho nyota. Akahesabu nyuma ya bahasha ya mchango, midomo ikicheza, na sebule yote ikanyamaza kama inasubiri matokeo ya darasa la saba. Ya dada yake ikabaki tano. Tano ni Asadi.

"Dada, wewe ni Simba. Umenywa nyota ya mtu."

Mama mkwe akaitazama bilauri yake ya nanaa kama mtu aliyeambiwa viatu alivyovaa ni vya jirani. Akaiweka chini. Mjomba akanyoosha kidole kwenye sinia: "Mpe chake."

Chupa ya Simba ilikuwa bapa, na mbavu zake zilikuwa za vuguvugu. Nilipoigusa nikahisi kitu ambacho sikihisi kwenye chupa za kawaida: ilikuwa ngumu, kama tairi lililotoka kujazwa. Ningeipeleka uani. Ningeifunika kwa taulo. Lakini mama mkwe yuko mbele yangu amekaa, mjomba ananitazama, na mwanaume hawezi kuikimbia chupa mbele ya wakwe. Nikapiga goti kwa adabu, nikakizungusha kifuniko robo.

Sikukifungua mimi. Kilijifungua. Nguzo nyekundu ikapanda moja kwa moja mpaka kwenye pangaboi, na nyama yote ya nanasi ikajipanga juu ya mapanga yake matatu. Ilikuwa kitambo kifupi tu, labda ya kusema bismillahi. Tulikuwa tumelowa watatu: mimi, mama mkwe na mtoto wa shemeji. Ningeweza kuomba radhi, nikafuta, mambo yakaisha hapo.

Umeme ukarudi.

Swichi ya pangaboi ilikuwa imeachwa namba tano. Lilianza polepole, kwa heshima, tone hapa tone pale, kisha likakumbuka kazi yake. Hakuna aliyebaguliwa. Choya haina mzaha na nguo nyeupe. Kanzu ya mjomba ilipata madoa kuanzia kola mpaka pindo, naye akafumba macho na kuanza shahada, akiamini ni damu na hajui ni ya nani. Shangazi mmoja alivamia mtoto akakimbia naye uani. Mtoto mwenyewe hakuamka.

Mjomba alipojigusa na kukuta hajatoboka, alilamba kidole. Akafikiri. "Mkwe, hiki kitu kimechachuka kwa hamira?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema "matunda tu, mjomba". Badala yake kiherehere kikanishika nikaeleza sayansi: hamira inakula sukari, inatoa gesi na kilevi kidogo, kidogo sana, ingawa kikikaa kwenye joto na sukari nyingi huwa kinapanda. Nilipofika kwenye "kinapanda" nikasikia sauti yangu imebaki peke yake.

"Togwa nayo ikilala sana inakuwa pombe," mtu akasema kutoka mlangoni, kwa huruma.

Mjomba akasimama kwenda kuoga na kubadili kanzu. Mama mkwe akafuta kope, akanitazama vile nilivyosema, akaingia chumbani. Hakunisemesha jioni, wala usiku. Asubuhi niliwapeleka stendi. Akampa mke wangu mkono, akambusu mtoto, akaniachia begi nipakie kwenye buti. Mfuko wake wa mkononi alikataa nisiuguse.

Niliporudi nikaanza kuzika maiti. Nilizitoa chupa moja moja uani, nikizifunika gunia na kuzilegeza kwa mkono mrefu. Mizani ilianguka yenyewe kabla sijaigusa. Nge alizomea dakika nzima. Nikahesabu plasta: Hamali hayupo, Simba hayupo, Kaa moja tuliinywa. Zilipaswa kubaki kumi. Zilikuwa tisa. Nikapekua friji, nikapekua chini ya sinki, nikawauliza watoto. Kaa ya pili haikuwepo.

Chupa bapa. Imetoka kwenye friji saa kumi na mbili asubuhi, na sasa ni saa nne na nusu, basi liko njiani kwenda Tanga na jua limekwisha kupanda.

Simu ilinichukua muda kuipiga. Utaanzaje? Ukimuuliza mama mkwe kama amebeba chupa, umemwita mwizi. Usipomuuliza, umemuua. Ikaita mara sita, ikapokelewa. Nikasikia injini, redio ya dereva, na sauti ya mjomba akiuliza tumefika Mkata au bado.

"Shikamoo mama. Mmefika wapi?"

Kimya. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu jana, akasema nami, kwa sauti ya chini ili kaka yake asisikie:

"Baba, hii ya nanaa mbona inanong'ona?"