Nilitaka Ipoe, Imepoa

Ndugu zangu, nisikilizeni kwanza kabla hamjacheka. Nyumbani kwangu wameshacheka kwa niaba yenu wote, na kuna mmoja bado anaendelea.

Kompyuta yangu ilikuwa nzima. Nalisema hili mapema kwa sababu mama watoto halali bila kulisema, bora nimuwahi. Ilikuwa inawaka, mtoto anafanyia kazi zake za shule, mimi usiku napiga gemu zangu. Neno lilikuwa moja tu, joto. Gemu likikolea, prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, inapanda hadi nyuzi 82. Sasa prosesa nyingi za siku hizi huvumilia hadi karibu na nyuzi 100 ndipo zianze kujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Kwa hiyo 82 si ugonjwa. Tatizo ni kwamba nina rafiki ambaye yake haivuki 65, na hiyo 65 yake anaitaja hata kwenye kikao cha harusi.

"Yako inasoma ngapi?" ananiuliza. Mbele za watu! Mtu mzima na heshima zangu naulizwa joto la prosesa.

Nikaingia kusoma. Nikasoma kwamba kati ya prosesa na chuma cha kuipozea hupakwa pesti, kazi yake kuziba vijinafasi vya hewa ambavyo jicho halivioni, kwa kuwa hewa haipitishi joto vizuri. Hapo nilikuwa najua. Nisichokijua ni kwamba kwa wakubwa wa mchezo huu pesti imepitwa na wakati. Wakubwa wanapaka metali ya majimaji: galiamu iliyochanganywa na indiamu na bati, inang'aa, inatiririka, inabeba joto mara kadhaa kuliko pesti. Inabeba na umeme pia, ila hilo walilitaja harakaharaka, kwa ile sauti ya mtu anayekuuzia gari na kukumbuka mwishoni kabisa kwamba breki zina tabia zake.

Nikaagiza. Ikaja kwenye bomba dogo la sindano. Mama watoto akaliona, akauliza nani anaumwa. Nikamwambia ni dawa ya kompyuta. Akasema, "Kwani inaumwa?"

Mnaona mtu anavyovunjwa moyo na kazi haijaanza.

Na mimi si mtu wa kurupuka. Nilijiandaa. Nilishika chuma kabla ya kugusa chochote, ili umeme tuli unitoke mwilini. Huo si utani: ukitembea tu kwenye zulia unaweza kubeba volti elfu kadhaa na usihisi lolote mpaka ukaribie volti 3,000, huku prosesa yenyewe inaishi kwa volti moja na pointi. Nikafungua skrubu, nikazipanga kwa ukubwa. Nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti mpaka ikang'aa. Halafu, kwa kuwa mimi napenda kazi safi, nikachukua msasa laini nikausugua uso wa chuma cha kupozea uwe tambarare zaidi. Hili nalo wakubwa wanalifanya, msinione mshamba.

Chuma chenyewe kilikuwa cha aluminiamu.

Sasa hapa ndipo nina kesi na kemia. Aluminiamu ikikaa hewani hujivika ganda jembamba la oksidi, na ganda hilo ndilo ngao yake. Galiamu ikikuta ngao iko salama inahangaika nje. Ikikuta imekwaruzwa, inapenya katikati ya chembe za aluminiamu na kuifanya iwe mbovu, unaivunja kwa vidole. Ndiyo maana galiamu hairuhusiwi kusafirishwa ovyo kwenye ndege, kwani mwili wa ndege nyingi ni hiyohiyo aluminiamu. Haya yote ni maarifa mazuri sana. Yangenifaa zaidi kama yangekuwa yameandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, badala ya herufi za kusomea kwa darubini, nyuma, chini ya lugha nyingine zote.

Na kinachoniuma zaidi ni undugu wao. Mendeleev, yule mkemia Mrusi, alipopanga jedwali lake la elementi aliona kuna nafasi tupu chini kidogo ya aluminiamu, na mwaka 1871 akatabiri kwamba kuna elementi itakuja kukaa hapo. Akaiita eka-aluminiamu, kwa maana iko hatua moja baada ya aluminiamu. Mwaka 1875 Mfaransa mmoja, Lecoq de Boisbaudran, akaipata kweli, ikapewa jina la galiamu. Kwa hiyo hawa wawili ni ukoo mmoja, kundi moja, mmoja anakaa juu ya mwenzake. Na bado anamla! Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, mimi nadhani kuna fundi kompyuta alikuwa amekaa pembeni yao analia.

Nikapaka. Inatakiwa kidogo sana, tone la kichwa cha pini, unalisambaza mpaka uso ung'ae. Lakini bomba lilikuja limejaa, na mimi sikulelewa kutupa vitu. Nikafunga skrubu, zikabaki mbili. Zikibaki mbili ina maana kiwandani walizidisha. Nikalisimamisha kasha, nikawasha.

Nyuzi 66!

Jamani, usiku ule nilikuwa mtu. Nilipiga picha ya skrini nikamtumia rafiki yangu bila salamu. Akajibu "hongera" peke yake, bila alama ya mshangao, nikajua imemchoma. Mama watoto nikamwita aje aone. Akatazama namba, akasema sawa, akaenda kulala. Kuna watu huwezi kuwafurahisha hata ukiwaletea mwezi.

Kesho yake 66 ile ile. Baadaye ikawa 70. Halafu 78. Wiki inaisha tuko 90, feni inavuma mpaka watu wa chumba cha pili wanaongeza sauti ya televisheni. Nikasema labda ni vumbi. Nikapuliza. Ikaenda 94. Sasa najua kilichokuwa kikiendelea mle ndani: galiamu ilikuwa imeacha kazi niliyoiajiria, inakula chuma cha kupozea taratibu, na kila inachokula kinaacha unga wa kijivu.

Na ile ya ziada? Kasha la kompyuta linasimama wima, mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha kila kitu, inaning'inia ukutani mwake, na kitu cha majimaji kina njia moja tu ya kwenda. Kile kitone kilijikusanya pembeni ya soketi, kikasubiri. Siku mtoto anamalizia kazi yake ya shule, kasoro kuihifadhi tu, kikaamua kushuka. Kilikimbia juu ya mazabodi kama kuku aliyeona kisu, kikipita kwenye vijipini na vikapasita, na kila kinapopita kinaunganisha vitu ambavyo viliwekwa mbalimbali kwa makusudi. Tukasikia "ta!" moja ndogo. Haikuwa na ukali wowote. Halafu harufu.

Mtoto akageuka akaniangalia. "Baba, umeiua?"

Tazama lugha hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kabisa, nakunywa maji. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye glasi. Lakini anayeulizwa ni mimi.

Nikafungua. Chuma cha kupozea nilipokishika, kona ikabaki mkononi. Nikapeleka kwa waliouza mazabodi, wakaona ile stika ya waranti imechanika, wakaona na vitone vinang'aa, wakanirudishia kwa vidole viwili. Nikawaambia ni shoti ya umeme wa nyumbani. Yule kijana akaninong'oneza kwamba umeme wa nyumbani hauachi galiamu. Kijana hana hata ndevu!

Rafiki yangu naye kaja kutoa pole. Kakaa, kanywa, kauliza, "Sasa hivi inasoma ngapi?" Nikamwambia inasoma nyuzi za chumba, usiku na mchana, hata yake haiwezi. Hakucheka. Aliisubiri mpaka amefika nje.

Ila sijakata tamaa. Nimesoma kwamba kuna watu waliokuwa na kadi za grafiki zilizokufa, wakaziweka kwenye oveni dakika chache, lehemu iliyoachia ikajishika tena, zikafufuka. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi kama 217, na oveni yetu inafika huko bila shida. Najua ugonjwa wa mazabodi yangu si lehemu kuachia. Lakini ukiwa na mgonjwa huchagui dawa.

Jana usiku nimenyata jikoni na mazabodi yangu kwenye trei. Nikakuta kitasa cha oveni kimeng'olewa, na mahali pake kuna karatasi kwa mwandiko wa mama watoto: "Hii bado nzima. Iache."