Sabini ya 2007 Si Sabini ya Leo

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na risiti za ada zetu za shule na makubaliano ya kiwanja. Ilikuwa 2021, Baba amefariki miezi michache kabla, na sisi tumekaa sebuleni kuangalia ameacha nini. Aliyeifungua ni senga wetu, dada yake Baba, maana kwenye mambo ya namna hiyo hakuna anayemtangulia. Hisa 5,000 za Stanbic Uganda, zilizonunuliwa 2007 kampuni ilipouza hisa kwa umma mara ya kwanza, shilingi 70 kila moja. Kaka yangu akatoa simu akatafuta bei ya wiki ile. Ishirini na kitu.

"Mzee aliliwa," akasema.

Senga akapiga hesabu kwa vidole. Hisa 5,000 kwa shilingi 20 ni laki moja. "Mwanangu, hiyo ni mabati mawili matatu. Kaziuze, tuezeke jiko la nyuma, mambo yaishe."

Simlaumu kaka. Alifanya kile ambacho karibu kila mtu ninayemjua hufanya: alichukua bei ya zamani, akaiweka kando ya bei ya leo, akatoa moja kwenye nyingine. Tatizo ni kwamba hisa moja ya 2007 na hisa moja ya 2021 hazikuwa kitu kimoja. Benki ile ilipoorodheshwa ilikuwa na hisa zipatazo bilioni 5.1. Baadaye ikawapa wanahisa wake hisa za nyongeza bila malipo, mpaka jumla ikafika takriban bilioni 51.2. Mara kumi. Ni kama mkate uleule uliokuwa umekatwa vipande vitano, sasa umekatwa hamsini. Kipande kimekuwa chembamba lakini mkate haujapungua, na mwenye vipande viwili sasa anavyo ishirini.

Kwa hiyo Baba hakuacha hisa 5,000. Aliacha 50,000. Hata kwa shilingi 20 tu, hiyo ni milioni moja, na yeye alitoa 350,000. Anayetaka kulinganisha kwa haki inabidi aigawe ile 70 kwa kumi, apate 7, kisha aweke 7 kando ya 20. Baadhi ya michoro ya bei mtandaoni huifanya hesabu hiyo yenyewe, mingine haifanyi, na mara nyingi hakuna maandishi ya kukuambia unatazama mchoro wa aina gani. Ukiona bei imeporomoka kwa siku moja hadi nusu au moja ya kumi, na hukusikia habari yoyote ya msiba katika kampuni, kwanza tafuta kama kulikuwa na hisa za nyongeza au hisa ziligawanywa. Usikimbilie kulia.

Hapo nilidhani nimeshinda. Senga akaniuliza swali lililonirudisha darasani: "Na 350,000 ya 2007 ilinunua nini?" Yeye alikuwa na duka wakati ule. Anakumbuka bei ya sukari. Anakumbuka pia 2011, mwaka ambao watu walianza kwenda kazini kwa miguu, na ilipofika Oktoba mfumuko wa bei Uganda ukapita asilimia 30. Ukiichuja ile milioni kwa kuzingatia vitu vilivyopanda miaka kumi na minne, sehemu kubwa ya ongezeko inayeyuka. Bei za hisa za zamani zimeandikwa kwa shilingi ya siku ile, na shilingi ya siku ile ilikuwa nene kuliko hii.

Faida yenyewe ilikuwa wapi, basi? Kwenye gawio. Miaka yote ile benki ilikuwa ikigawa faida, na pesa hizo hazionekani popote kwenye mchoro wa bei. Tena gawio huifanya bei ionekane mbaya zaidi, kwa sababu daftari la wanahisa likishafungwa, anayenunua kesho hapati gawio lile, na mara nyingi bei hushuka kidogo kwa sababu hiyo tu. Mtu asiyejua ataona kampuni imedhoofika, kumbe imetoka kulipa watu wake. Ukitaka kujua hisa imekupa nini, chukua bei ya leo, jumlisha kila gawio ulilopata baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, ile inayokatwa kabla pesa haijakufikia, ndipo utoe ulichonunulia.

Hii ndiyo sababu mjadala wa hisa za MTN ulinichosha. Hisa za MTN Uganda ziliuzwa kwa shilingi 200 na kuanza kubadilishana mikono sokoni Desemba 2021. Zilishuka chini ya hapo, na 2024 kundi jingine la hisa likauzwa kwa umma kwa 170. Siku hizo nilikaa na watu waliosema hawauzi "mpaka irudi 200", kana kwamba hisa ina deni nao. Nilipowauliza wamepokea gawio kiasi gani tangu wanunue, hawakujua. Liliingia kwenye simu, likanunua mafuta ya boda, likasahaulika. Mtu anakumbuka bei aliyonunulia kama jina la mtoto wake wa kwanza, lakini pesa aliyolipwa haikumbuki.

Tena ile 200, kwa maoni yangu, haistahili heshima tunayoipa. Bei ya mauzo ya kwanza hupangwa na muuzaji na washauri wake. Ni ombi lake. MTN hawakuuza hisa zote walizoleta 2021. Airtel Uganda walipokuja 2023 kwa shilingi 100, kiasi cha nusu tu na zaidi kidogo ndicho kilichonunuliwa, na bei ikaja kushuka chini ya 100. Soko lilikuwa limeshasema neno lake hata kabla ya siku ya kwanza. Mimi nikisoma historia ya hisa mpya, ile bei ya mwanzo naiandika pembeni kwa penseli na kuanza kuhesabu miezi kadhaa baadaye, wanunuzi na wauzaji wakishapatana wenyewe.

Kupatana wenyewe, hilo nalo ni neno zito kwa soko letu. Soko la Hisa la Uganda, pale Nakawa, ni dogo. Kuna kampuni ambazo siku nyingi hakuna hata hisa moja inayouzwa, na bei ya jana inaandikwa tena leo, na kesho, na keshokutwa. Kwenye mchoro unaona mstari ulionyooka kama barabara ya Karamoja. Mgeni atasema: hisa tulivu hii, haina presha. Utulivu gani? Ni duka lililofungwa. Siku ukitaka kuuza hisa zako 30,000 ndipo utajua kwamba bei ile ilikuwa ya mtu mmoja aliyenunua hisa 200 wiki tatu zilizopita. Wakenya waliona mfano uliokithiri: biashara ya hisa za Kenya Airways ilisimamishwa Nairobi Julai 2020 na kurudi Januari 2025. Miaka minne na nusu ya bei ileile, shilingi zao 3.83. Namba ilikuwepo, soko halikuwepo.

Kwa hiyo kwenye ripoti ya soko ya kila siku, safu ya kwanza ninayoitazama ni ile ya hisa ngapi zimeuzwa. Bei baadaye.

Jambo jingine dogo, ila limewakanganya wengi: fahirisi kuu ya soko letu, yaani namba moja inayopima bei za kampuni zote kwa pamoja, inajumuisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huku, kama KCB na Equity, ambazo bei zake hupangwa Nairobi. Ukisikia redioni soko la Kampala limepanda, huenda hakuna kampuni ya Uganda iliyosogea hata shilingi. Kuna fahirisi ya pili, ya kampuni za nyumbani peke yake. Linganisha hisa yako na hiyo.

Je, bei za nyuma zinaweza kukuambia bei ya kesho? Kuna vijana wanaochora mistari juu ya mchoro, wanakuonyesha mabega na vichwa na pembetatu. Sina ugomvi nao, lakini kwa hisa inayouzwa mara mbili kwa wiki wanachora juu ya hewa. Na mambo makubwa kabisa hayamo kwenye mchoro. Chukua kampuni ya Umeme. Iliuza hisa kwa umma 2012 kwa shilingi 275, ikafanya biashara ya kusambaza umeme chini ya mkataba wa miaka ishirini ulioanza 2005. Mkataba ukaisha Machi 2025, na kampuni ya serikali ya UEDCL ikachukua kazi. Ungeweza kusoma bei za kila siku za miaka kumi na miwili bila kuiona tarehe hiyo popote, ilhali iliandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Bei za zamani zilikuwa za kampuni yenye nyaya za kuendesha. Baada ya hapo kilichobaki kuthaminiwa ni madai yake ya fidia kwa serikali, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Mimi bei za nyuma nazitumia kwa kazi ndogo. Kujua nilinunua kwa ngapi nikishasawazisha hisa za nyongeza. Kuona kampuni ilifanyaje mwaka mbaya kama 2011 au wakati wa korona. Kugawana mali ya marehemu, ambako tarehe ya bei ina maana kubwa, maana kila mrithi anataka ile inayompendeza. Nina daftari la mistari lenye safu nne: tarehe, bei, hisa zilizouzwa, gawio. Kaka yangu hulicheka. Anasema kuna programu za simu za kazi hiyo.

Hisa za Baba hatukuziuza zote. Kaka aliuza fungu lake kupitia dalali, ikachukua siku kadhaa kumpata mnunuzi. La senga tulimfungulia akaunti ya hisa kwa jina lake, na sasa hunipigia Ijumaa jioni.

"Mwanangu, leo ngapi?"

Namtajia bei.

"Zimeuzwa ngapi?"

Namtajia na hiyo. Kuna Ijumaa namjibu ni chache sana.

"Basi hiyo siyo bei," ananiambia, na kukata simu.