Fidia ya mkono wa mdogo wangu

Nilianguka kutoka kwenye ngazi ghalani kazini hapa Leicester, Uingereza, bega likavunjika. Nilimpata wakili wa mtindo wa "usiposhinda hulipi". Tuliposhinda, kati ya pauni 6,000 alichukua 1,500. Tangu 2013 sheria hapa inamzuia kukata zaidi ya robo ya fidia ya maumivu na hasara zilizokwisha kupita. Ikakatwa pia bima ya kesi, ile ya kulipia gharama kama tungeshindwa. Iliniuma, lakini sikutoa hata senti mfukoni kabla ya kulipwa, na pesa ilikuwepo kwa sababu tangu sheria ya 1969 karibu kila mwajiri lazima awe na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini.

Mdogo wangu yuko Jinja, Uganda. Mashine ya kukata mabati ilimtoa vidole vitatu. Bosi alilipa bili ya hospitali, akampa shilingi 200,000 na kumwambia, "Ulizembea mwenyewe." Naye akakubali!

Hapo ndipo ninapokasirika, maana sheria ya Uganda ya mwaka 2000 inampa nguvu kuliko yangu. Mimi ilibidi nithibitishe kosa la mwajiri. Yeye hahitaji: hata kama alizembea, fidia ni haki yake mradi aliumia akiwa kazini. Aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena hulipwa mishahara ya miezi 60. Kwa mshahara wa 400,000 hiyo ni milioni 24, na kwa vidole anapata asilimia fulani ya hapo. Ukilinganisha na zile 200,000, utaona alichodhulumiwa.

Kinachomshinda ni pesa ya kuanzia: nauli ya kwenda na kurudi kwa afisa wa kazi wa wilaya anayeshughulikia madai haya, fotokopi, na siku za kibarua anazozikosa akisubiri kwenye benchi. Huku gharama zilinisubiri mwishoni, kwetu zinakukabili mlangoni. Laiti serikali ingebana waajiri wasiokata bima, na maafisa wa kazi wakapewa usafiri wa kuwafuata majeruhi karakanani!

Ukiumia kazini Uganda, mpe mwajiri taarifa kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Mdogo wangu amepitisha miezi minne, lakini bosi mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali, kwa hiyo hawezi kusema hakujua. Jana nimemtumia nauli. Jumatatu asubuhi anakwenda.