Mzee, Kichwa Kimechoka

Mimi ni mtu mzima wa miaka 54, nimeoa, nimesomesha, nimezika, na nimesimamia harusi za watu ambao siku hizi hata hawanisalimii, lakini Jumamosi iliyopita heshima hiyo yote ilikuwa imeshikiliwa na kipande cha chuma kisichozidi punje ya hindi. Ninaizungumzia zipu. Tena si zipu yoyote, bali zipu ya suruali yangu ya kijivu, ile ya vikao, ambayo ilinisaliti nikiwa nimesimama mbele ya ukoo mzima wa watu ambao ndiyo kwanza tulikuwa tumekwenda kuwaomba binti yao.

Mpwa wangu anataka kuoa, na wazee wa kwetu wakaona kwamba kwa kuwa mimi sijawahi kukosa la kusema, basi niwe msemaji wa msafara. Nikaanza kwa mbali, kama inavyotakiwa. Nikasema kwamba tulikuwa tunajipitia zetu njiani, tukaona ua limechanua uani kwa watu, miguu ikakataa kuendelea. Mashangazi wa binti wakaanza kucheka, tena kile kicheko cha kuziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi nikadhani ni utamu wa lugha. Nikaongeza mikono, nikapiga hatua moja mbele, nikageuka kulia na kushoto ili kila mmoja apate haki yake ya kusikia. Ndipo mzee mmoja wa upande wao, mwenye kofia na bakora, alipokohoa na kusema kwa upole, "Karibuni sana, baba. Ila kwa desturi yetu, mgeni hufunga kwanza mlango wa kwake ndipo abishe hodi kwa wenzake."

Nikatazama chini. Zipu ilikuwa wazi yote, na kilichoniuma zaidi ni kwamba kichwa chake, kile kichuma cha kupanda na kushuka, kilikuwa juu kabisa, mahali pake panapostahili, kimetulia kama mlinzi wa usiku ambaye wezi wamepita mgongoni mwake na mzigo. Yaani nilikuwa nimeifunga! Nilifanya wajibu wangu nyumbani, mbele ya kioo, na Mama Neema ni shahidi. Lakini utamweleza nani habari hizo ukiwa ukweni? Tulitozwa faini ya shilingi 20,000 kwa kosa la kuingia na duka likiwa wazi, na mweka hazina wetu, mtu ambaye alikuwa amejiandaa kubishana hadi jioni juu ya bei ya mbuzi mmoja, aliilipa papo hapo bila kuomba ipunguzwe. Shangazi mmoja mwenye huruma akachomoa pini kubwa kwenye nepi ya mjukuu wake, ile yenye kichwa cha plastiki chenye umbo la bata wa njano, akanipitishia chini ya meza. Mtoto akabaki anajishikilia mwenyewe. Mimi nikamalizia posa huku bata akiwatazama wakwe kwa niaba yangu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa fundi wetu wa cherehani, kijana anayeshonea barazani pembeni ya duka la vocha. Aliishika suruali, akapandisha zipu na kuishusha mara mbili, akaichungulia kwenye mwanga, kisha akanitazama kwa masikitiko na kusema, "Mzee, kichwa kimechoka." Nikamwambia kwamba hata shikamoo hajanipa na tayari ameshaanza kunichambua. Akasema, "Shikamoo mzee. Nasema kichwa cha zipu."

Nilipokaa kwenye benchi lake nikapata elimu ambayo nilipaswa kupewa nikiwa darasa la tatu. Kila jino la zipu, anasema, lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili, na kinundu cha jino moja hujipachika kwenye kishimo cha jino la mkabala. Lakini meno hayo hayana akili ya kukutana yenyewe. Kazi hiyo ni ya kichwa, ambacho ndani yake kuna njia yenye umbo la herufi Y: kikipanda, kuta zake huyasukuma meno ya pande mbili yaingiane moja baada ya jingine kwa pembe inayofaa, na kikishuka, kabari iliyo katikati huyatenganisha. Ukivuta kila siku kwa mwaka mzima, tena kwa haraka kama mtu anayewahi daladala, kuta za kichwa hutanuka kwa kiasi cha unywele tu, na kuanzia hapo kichwa kinapita juu ya meno kama mwenyekiti aliyefungua kikao na kukifunga bila ajenda hata moja kupitishwa. Dawa yake ni kukibana kidogo kwa koleo, kushoto na kulia kwa usawa, na ukizidisha utakikata.

Kisha akaniuliza swali lililonivunja nguvu. "Halafu mzee, ukishapandisha, huwa unakilaza?" Nikamuuliza ninalaza nini. Akanionyesha kile kiulimi cha kuvutia. Kumbe kwenye zipu nyingi za suruali kuna kijino kilichojificha ndani ya kichwa, nawe ukikilaza kiulimi, kijino kinashuka katikati ya meno na kichwa hakiendi popote, ila ukikiacha kimesimama, kijino kinakaa juu na zipu iko huru kushuka kadiri unavyoinama na kuinuka. Miaka 54, wasomaji wangu. Nimefundishwa sehemu za ua, nimefundishwa vyanzo vya mito, nimefundishwa hata namna panzi anavyopumua, na hakuna mwalimu aliyeona umuhimu wa kuniambia kwamba kiulimi kinalazwa.

Basi nikarudi nyumbani nikiwa na hasira za kumtafuta mtu wa kulaumu, nikaanza kusoma habari za waliotuletea kifaa hiki. Wa kwanza nilimkuta palepale kwenye kibaraza cha fundi. Elias Howe, Mmarekani, ndiye aliyepata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya cherehani mwaka 1846, na mwaka 1851 akapata hataza nyingine ya kifungio cha nguo chenye vibanio vinavyoteleza kwa pamoja. Kisha akakiacha hapo hapo. Alikuwa na shughuli ya kuwashitaki waliotengeneza vyerehani bila kumlipa, na fedha za kesi hizo zilikuwa tamu kuliko habari za vifungio. Mtu mmoja, basi, alinipatia fundi na angeweza kunipatia zipu miaka mingi kabla ya wakati wake, ila alichagua mahakama.

Ikapita zaidi ya miaka 40. Mwaka 1893 Whitcomb Judson akapata hataza ya kifungio cha viatu, chenye kulabu na vitanzi na kichwa cha kuvifungia, akakipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka huohuo. Watu wakakitazama, wakasema ahsante, wakaendelea na kamba zao. Baadaye kampuni yake ikatoa kingine cha sketi na suruali, kikapewa jina la C-curity, jina lenye mlio wa usalama kwa Kiingereza, na sifa yake kubwa ikawa kufyatuka chenyewe bila taarifa. Hapo nilisimamisha kusoma kwa heshima ya mabibi wa zama hizo, waliosimama kwenye hadhara na sketi za usalama wa aina hiyo, wala wakati huo hapakuwa na shangazi wa kuwapitishia bata chini ya meza.

Aliyeitengeneza zipu ikawa zipu ni Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani na kuajiriwa katika kampuni hiyohiyo yenye aibu. Alioa binti wa meneja wa kiwanda, jambo ambalo mimi kama msemaji wa posa ninaliheshimu sana, lakini mkewe akafariki mwaka 1911, naye akazama katika kazi. Akaitupa ile fikra ya kulabu. Mahali ambapo zamani palikuwa na vifungio vinne kwa inchi moja, yeye akaweka kumi, vyote vya umbo moja, kila kimoja na kinundu na kishimo chake, akamaliza mwaka 1913 na kupata hataza mwaka 1917. Akabuni pia mashine ya kuyatengeneza meno hayo. Jina la "zipper" lilikuja mwaka 1923, pale kampuni ya B. F. Goodrich ilipoweka vifungio hivyo kwenye mabuti ya mpira, na ni katika miaka ya 1930 tu ambapo mafundi wa suruali za wanaume walianza kuachana na vifungo vyao.

Hesabu mwenyewe. Kuanzia 1851 hadi 1913 ni miaka 62 ya watu wazima kuhangaika ili kitu kifunge. Sikatai, walifanya kazi kubwa. Ninachouliza ni kwa nini katika miaka zaidi ya 100 iliyofuata hakuna aliyeketi akafikiria namna ya kumjulisha mwenye suruali kwamba kimefunguka. Jokofu la Mama Neema likiachwa wazi linalia. Gari likiachwa mlango linalia. Suruali, ambayo ndani yake mna mtu mzima mwenye familia na kadi ya mpiga kura, inanyamaza kimya hadi ukweni.

Tena msidhani ni suruali tu. Zipu ya begi la mwanangu hufungwa kwa nyuma yake, maana mbele ikifika kati meno yanaachana na madaftari yanatoka kuchungulia dunia. Zipu ya gauni la Mama Neema iko mgongoni, na mpaka leo sijampata mtu wa kunieleza nani aliamua hivyo, ila ninajua matokeo yake: kila tukiwa na mwaliko mimi hugeuka fundi, nikiambiwa nivute kwa nguvu lakini taratibu, nipake mshumaa lakini nisichafue, na kitambaa cha ndani kikinaswa inakuwa ni mikono yangu iliyonaswa.

Jumapili, kabla sijaenda kwa fundi, nilikuwa nimekagua zipu zote za nyumba. Nyingi kichwani zimeandikwa YKK, herufi za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mjini Tokyo mwaka 1934, na hizo, hata zile za majaketi ya mitumba, zilipanda na kushuka bila maneno. Nilipofika kwenye suruali ya kijivu nilivaa miwani, nikageuza kichwa chake juu chini, sikuona hata herufi moja. Nilikuwa nimekabidhi heshima ya ukoo kwa kichwa kisichojua kusoma wala kuandika.

Fundi alishauri tubadilishe zipu nzima, nikakubali, na Jumatano nikaivaa suruali kwenda mjini. Zipu mpya ilipanda vizuri, nikakilaza kiulimi kama msomi. Tatizo lilianza saa nne, kwenye choo cha kulipia kituoni. Nililipa, nikaingia, nikavuta. Haikushuka. Nikakisimamisha kiulimi ili kijino kinyanyuke, nikavuta tena, na kiulimi kikabaki mkononi mwangu, kichwa kikabaki juu na kitundu kitupu. Nje watu wanagonga mlango. Niliingiza mkono mfukoni kutafuta chochote cha chuma, nikamgusa bata.

Hapa lazima niseme neno kuhusu pini hiyo, kwa sababu sifa zake zimefichwa. Walter Hunt wa New York, mwaka 1849, alikuwa na deni la dola 15, akakaa akakunja waya mmoja, upande huu akauzungusha uwe kama springi na upande ule akaweka kikinga ncha isichome mtu. Basi. Pini haina meno, haina kichwa cha kuteleza, haina kijino kilichojificha. Hataza yake akaiuza kwa dola 400, akalipa deni, na faida yote iliyofuata ikaenda kwa wengine. Huyu ndiye pia aliyetengeneza cherehani katika miaka ya 1830, kabla ya Howe, asijisumbue kuichukulia hataza. Ningempata ningempa walau zile shilingi 20,000.

Nilipitisha pini kwenye kitundu cha kichwa, nikamshika bata shingoni, nikavuta, na zipu ikashuka. Tangu siku hiyo bata ndiye kiulimi cha suruali ya kijivu, nami huvaa shati la kuchomoa ili asionekane. Jana shangazi wa binti alipiga simu kuulizia tarehe ya mahari, na kabla hajakata akaikumbuka pini ya mjukuu wake. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, ipo, haijapotea, ila kwa sasa iko kazini."