Kwetu Kuko Sawa, Mteja

Mwenye kompyuta ya dukani ikimsumbua ana pa kwenda. Anaibeba na boksi lake na risiti, anaitua kaunta, anasema mlinipa mbovu, nipeni nzima. Sisi tuliounga wenyewe, mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, duka hili, prosesa duka lile, ramu kwa jamaa mmoja wa ghorofani Kariakoo, hatuna kaunta. Tuna namba za simu za watu kibao, na kila mmoja kwake kuko sawa.

Mashine yenyewe iliwaka vizuri, sina neno. Feni zinazunguka, mataa ya rangi rangi yanacheza, watoto wanapiga makofi. Mtandao hamna.

Niliweka mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta kwa flashi, ukaenda ukaenda, ukafika mahali ukagoma: unganisha mtandao kwanza ndipo tuendelee. Nikachomeka waya, hauonekani. Nikatafuta waifai, haionekani. Kumbe kadi ya mtandao iliyomo kwenye mazabodi ni ya kisasa mno, mfumo hauijui mpaka upewe draiva, yaani programu ya kuwatambulisha. Na draiva iko wapi? Iko mtandaoni! Nimezungushwa kwenye maofisi ya kila aina mimi, nimeambiwa nikalete kitambulisho ili nipewe kitambulisho, sikujua kama na mitambo nayo imesomea huko huko.

Eti ndani ya boksi la mazabodi waliweka diski ya CD yenye draiva zote. Asanteni sana. Nani ana tundu la CD siku hizi? Kasha langu lina nafasi ya feni mbele, juu na nyuma, pa kuingiza CD hakuna. Mama watoto akaichukua ile diski akaitundika kibarazani kwenye mchicha wake, inametameta, ndege hawasogei. Ndiyo kazi pekee iliyofanya.

Aliyeniokoa ni kijana wa jirani. "Mzee, chomeka simu kwa waya wa chaji, halafu washa pale pa kugawa mtandao kwa USB." Nikachomeka. Kompyuta iliyokuwa haitambui waya wala waifai ikaipokea simu yangu hapo hapo, bila kuomba draiva. Draiva zikashuka. Nikashangilia mapema, kwa sababu mfumo nao ulipoonja mtandao ukaanza kujisasisha kimya kimya kwa bando langu la kuangalia mpira. Meseji ikaingia: umetumia asilimia 75. Kabla sijamaliza kuisoma ikaingia ya pili: bando lako limekwisha. Mechi nikahadithiwa.

Haya, draiva ipo, rudi kwenye waya. Hapa niseme kwamba ruta iko sebuleni na kompyuta iko chumba cha uani, na mwenye nyumba amekataza kutoboa ukuta wake hata kwa msumari wa kalenda. Kwa hiyo fundi wa kampuni ya mtandao alipitisha waya dirishani, ukazunguka kibarazani, ukaingia kwa dirisha la pili. Nachomeka, taa ya tundu inawaka, mtandao unakuja. Naangalia kasi: megabiti 100. Kifurushi ninacholipia ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na mazabodi yenyewe imeandikwa ina uwezo wa gigabiti mbili na nusu!

Nikapiga kampuni. Muziki kwanza. Muziki tena. "Mteja wetu mpendwa, umejaribu kuzima ruta?"

"Nimezima."

"Ukasubiri sekunde thelathini?"

"Nilisubiri mpaka chai ikapoa, dada yangu."

"Basi kwetu kuko sawa, ruta yako naiona hapa inapokea vizuri kabisa. Itakuwa kompyuta."

Nikapiga duka la mazabodi. "Bosi, kwetu kuko sawa, bodi hizo tunauza kila siku. Itakuwa waya." Muuza waya akaona nimemtusi: "Kaka, hiyo ni Cat 6, daraja la waya wa kasi, soma ubavuni imeandikwa. Itakuwa ruta." Ruta ndiyo ile ile ambayo yule dada anaiona inapokea vizuri kabisa.

Nikavaa miwani ya kusomea, nikakaa na kichwa cha ule waya kwenye mwanga. Ndani ya kile kiplastiki mnapita nyuzi nane: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Saba zimefika mpaka mwisho, zimebanwa na meno ya shaba. Ya kahawia imeishia njiani, imebaki milimita mbili ifike, imechoka. Sasa sikilizeni utamu wake: megabiti 100 zinahitaji nyuzi nne tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita. Gigabiti ndiyo inayotaka zote nane. Ukikosekana uzi mmoja, mashine nyingi hazisemi kitu. Zinashuka kimya mpaka 100, taa inaendelea kuwaka, na wewe unaendelea kulipia kifurushi kikubwa.

Nikakwangua ule uzi kwa kisu. Wekundu wa shaba ukatoka, chini peupe. Cat 6 ubavuni, aluminiamu tumboni!

Fundi akaja na koleo lake la kubania. Akaangalia kichwa, akatikisa chake. "Mzee, nani alikufanyia kazi hii?"

"Nyie."

"Aa, huyo alishaacha kazi."

Akakata, akapanga rangi upya, akabana. Kasi ikasoma megabiti 1000, ndiyo gigabiti yenyewe. Hata hivyo akaniambia nijiandae kununua waya wa shaba tupu, maana huu wa aluminiamu ukikunjwa kunjwa dirishani hapo unakatika tena. Anao, anauza.

Waifai nayo nilitaka iwepo, waya ukigoma nisirudi kwenye bando. Simu nikiiweka juu ya kasha inapata mistari yote. Kompyuta yenyewe, hapo hapo, inapata mstari mmoja, tena kwa kubembeleza. Kasha ni bati, na mazabodi inategemea antena mbili za kufunga nyuma. Antena hazipo. Nikauliza nyumba nzima. Kitinda mimba akanipeleka kwenye zulia: zimesimamishwa, ni magoli. Akaniomba nisubiri mpaka dakika tisini ziishe.

Nikazifunga. Mistari ikapanda, lakini mtandao unakatika katika. Kijana wa jirani akachungulia nyuma ya kasha. "Mzee, hii diski ya nje ni ya nani?" Ya shemeji, ina sinema zake, imechomekwa USB ya buluu chini kabisa ya antena. Kumbe hiyo ya buluu, USB 3, ikifanya kazi inatoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, hayo hayo ya waifai. Kampuni ya Intel walilitolea waraka mwaka 2012, na mimi sikuletewa nakala. Tukaihamishia mbele ya kasha, waifai ikatulia. Shemeji ndiye hakutulia. "Kwa hiyo mnasema sinema zangu zina mikosi?" Chakula cha usiku hakula, na yeye kususa chakula si kawaida yake.

Nikasema angalau sasa nakaa. Mwenye nyumba akasimama kibarazani, anafuata waya kwa macho kutoka dirisha la kwanza mpaka la pili.

"Huo waya unavuta umeme wa nani?"

"Hauvuti umeme, mama. Ni wa mtandao tu, haupitishi umeme kabisa."

Nilikuwa nimeshammaliza. Akaitikia kwa kichwa, akageuka kuondoka. Kijana wa jirani, mtoto mzuri, msomi, asiyeweza kuacha jambo likapita nusu, akasema: "Ila mzee, nyaya hizi hizi zinaweza kupitisha umeme. Kamera za ulinzi nyingi zinatumia. Kiwango chake kilitoka mwaka 2003, wati kumi na tano na kitu."

Mwenye nyumba akarudi.

"Wati ngapi?"

Kuanzia mwezi huu umeme wa LUKU nusu kwa nusu.