Waacheni washike

Kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane iliyopita, pale Nzuguni, Dodoma, nilikwenda na mpwa wangu wa darasa la sita. Tulitazama ng'ombe, tukanywa juisi ya zabibu, tukapita mabanda chungu nzima ambamo vitu vizuri vimezungushiwa kamba visiguswe. Kisha akaiona baiskeli imefungwa kwenye stendi, na dainamo imeunganishwa na balbu. Kijana wa banda akamwambia, "Panda." Akakanyaga, taa ikawaka. Kijana akazima swichi, pedali zikalegea. Akawasha, zikawa nzito tena.

"Mjomba, mbona taa ikiwaka ni kama napanda mlima?"

Nimesoma fizikia hadi kidato cha sita. Kanuni ya Lenz, kwamba umeme unaozalishwa hupinga mwendo unaouzalisha, nilikuwa naikariri neno kwa neno, lakini uzito ule sikuwahi kuusikia mguuni, kwa sababu shuleni kwetu dainamo ilikuwa mchoro wa ubaoni. Mtoto huyu, kwa mapaja yake tu, alikuwa ameshang'amua kwamba taa ile inamla yeye nguvu. Alibaki kwenye baiskeli mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Wiki moja baadaye mabanda yalishafungwa.

Ndiyo maana natamani Dodoma iwe na nyumba ya sayansi ya kushika kwa mikono, iliyo wazi hata Jumamosi ya kawaida mwezi Machi. Tanga wametangulia na STEM Park yao, bustani ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Marekani, mwanafizikia Frank Oppenheimer, aliyewahi kufundisha sekondari huko mashambani Colorado, alifungua nyumba ya namna hiyo, Exploratorium, mjini San Francisco mwaka 1969. Mwaka huohuo Mtanzania Erasto Mpemba, pamoja na Denis Osborne, alichapisha makala kuhusu maji ya moto yanayoweza kuganda kabla ya ya baridi. Jambo lenyewe aliliona mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, akitengeneza aiskrimu kwa maziwa ambayo hakuyasubiri yapoe. Alipouliza, alichekwa. Wanasayansi wanabishana juu ya swali lake mpaka leo, na lilianzia kwenye friji ya shule ambayo mwanafunzi aliruhusiwa kuifungua.

Nyumba yetu isiige ya San Francisco. Ianze na maji. Visima vya Makutupora vinavyotunywesha havijazwi sawasawa kila mwaka. Vipimo vya zaidi ya miaka 50 vinaonyesha kwamba maji ya chini hupanda hasa katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998. Nipe sanduku la kioo, mchanga, kokoto na pampu ya mkono, na mtoto wa Chamwino ataona mvua ndogo ikiishia juu, kisha kubwa ikizama hadi kisimani. Hapo hata mzazi atasogea.

Kwenye fedha nina msimamo. Wafadhili wengi hupenda jengo, kwa sababu jengo lina utepe wa kukata. Mimi naomba tuchangie vile visivyopigwa picha: nauli ya basi la wanafunzi wa Kongwa na Mpwapwa, posho ya vijana waliomaliza kidato cha sita wakawa waongozaji, balbu, mipira, gundi. Kitu cha kushikwa na watoto mia kwa siku lazima kivunjike, na kikikaa mwezi mzima na karatasi ya "kibovu" juu yake, tumerudi kwenye kamba zilezile za Nzuguni.

Mwezi uliopita mimi na mwalimu mmoja wa fizikia tulifunga baiskeli kuukuu kwenye veranda ya shule yake, na dainamo ya mtumba. Wiki ya pili mnyororo ukakatika. Fundi ameshaurekebisha, na mwalimu ananiambia wasichana wa kidato cha pili sasa wanataka kujua kama balbu mbili zitafanya pedali ziwe nzito maradufu. Jumamosi napeleka balbu ya pili.