Siku saba za nani?

Jana nimepita Ngamiani, hapa Tanga, kununua mafuta ya mtoto, nikarudi na hasira. Mlangoni kwenye duka moja kuna spika imewekwa juu ya ndoo, inatangaza krimu ya uso, sauti ileile tangu asubuhi: "Unang'aa ndani ya siku saba, haina kemikali!" Haina kemikali? Basi maji yaliyomo humo ni nini?

Nikachukua kopo nilisome. Mbele limeandikwa "asili asilimia 100" na "imethibitishwa na wataalamu". Nikaligeuza nione viambato, kumbe stika ya bei imebandikwa hapohapo. Nikaibandua kwa ukucha, muuzaji ananikata jicho. Chini yake maandishi madogo kama mayai ya chawa, tena Kichina kitupu.

"Kaka, hawa wataalamu ni wa wapi?"

"Dada, unanunua au unakagua?"

Najua tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umehamishiwa TBS, shirika la viwango, kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na krimu zenye zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, ni marufuku. Vizuri sana. Ila mtu akisikia ukaguzi anawaza makopo tu. Ile spika je? Mwenye kudai siku saba si aonyeshe alimpaka nani, akang'aa vipi? (Jirani yangu alipaka moja ya hizo, siku ya nne uso ukamvimba kama andazi. Hiyo haikuwa kwenye tangazo.)

Nikaishia kununua mafuta ya nazi soko la Mgandini, kwenye chupa ya maji. Hayana lebo, lakini yule mama hakuniahidi chochote.